Jinsi ya Kubadilisha Kompyuta ya Bodi Kisimayu Bila Kuifilisi Nyumba

Kila gari linalowasha taa zake lenyewe usiku wa manane Kisimayu hupata mahakimu watatu kabla halijapata fundi. Wa kwanza ni dereva, anayeapa kwamba jana lilikuwa zima. Wa pili ni mjuzi wa barazani, ambaye hajawahi kushika bisibisi lakini ana binamu Dubai anayeuza magari. Wa tatu ni Fundi Badilisha. Huyu huinama chini ya dashibodi kitambo kidogo, hutikisa kichwa, hufuta mikono ambayo haijachafuka, kisha hutangaza: “Kompyuta ya bodi imekufa.” Hukumu hiyo haina rufaa, na faini yake hulipwa kwa dola.

Mwongozo huu umeandikwa kumpinga Fundi Badilisha. Kompyuta ya bodi hufa, na ikifa hubadilishwa. Hatua zote zimo humu. Lakini katika mwambao huu wa Kisimayu hadi Ras Kamboni, ambako upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya makabati ya jikoni, vinavyotangulia kufa ni waya wa erthi, soketi ya taa ya nyuma na subira ya fundi. Vyote vitatu hutibika hapa hapa, bila kuagiza kitu Sharjah.

Kwanza tuelewane kompyuta ya bodi, yaani boksi lenyewe, ni nini. Ni kasha la plastiki lenye bodi ya elektroniki ndani, aghalabu limefungwa chini ya dashibodi, nyuma au pembeni mwa boksi la fyuzi. Halihusiki na pistoni wala dizeli. Injini ina kompyuta yake. Hili hushughulikia taa, indiketa, honi, wipa, vioo, kufuli za milango, alamu, na katika magari mengi hata ruhusa ya ufunguo kuwasha injini. Katika gari la aina hii ukigeuza swichi ya taa, swichi haipeleki umeme kwenye taa. Inapeleka taarifa kwa boksi, na boksi ndilo linaloiamuru taa iwake. Maboksi ya gari moja huongea yenyewe kwa yenyewe kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Kwa hiyo kosa moja dogo huweza kuonekana sehemu tano, na sehemu tano zikicheza kwa pamoja Fundi Badilisha hupata ushahidi wote anaouhitaji.

Hatua ya 1: Hakikisha gari lina kompyuta ya bodi

Hatua hii inaonekana ya kitoto, nayo imewaokoa watu fedha nyingi. Toyota ilianza kuuza Land Cruiser za mfululizo wa 70 mwaka 1984. Zile za zamani, pamoja na za dizeli zenye injini ya 1HZ zilizozoeleka pwani yote hii, hazina kompyuta ya bodi. Indiketa zake huendeshwa na rilei ya flasha, taa zake na swichi, fyuzi na rilei. Mtu akikwambia kompyuta ya bodi ya gari hilo imekufa, mwombe akuonyeshe kaburi lake.

Prado za umbo lililotoka 2002 na zilizofuata, SUV za Kimarekani za miaka hiyo hiyo na pikapu nyingi za karibuni zinalo. Fungua kifuniko cha plastiki chini ya usukani, tia tochi, soma lebo. Usipoliona boksi kwa macho yako, usikubali kuliagiza.

Hatua ya 2: Lisikilize gari, liache baraza

Mjuzi wa barazani atakupa historia ya magari yote ya binamu yake. Mshukuru, mpe chai, kisha andika mambo manne kwenye karatasi. Kasoro ilianza lini? Kabla yake kulitokea nini: mvua, kuoshwa, kuingizwa baharini, kubadilishwa betri, kufungwa redio? Inakuja wakati wote au gari likitikisika? Na vitu gani hasa vinakosea, na vipi vinafanya kazi sawasawa?

Swali la redio na alamu lina uzito wake. Mfungaji wa alamu za bei rahisi hukata waya asioujua, huuunganisha na mwingine asioujua zaidi, hufunga kwa utepe, hulipwa, huondoka. Utepe ule ukilegea kwa joto, waya hugusa bodi, na kompyuta hulaumiwa kwa kazi ya mtu mwingine. Ukiona mafundo ya utepe mweusi chini ya dashibodi, anza hapo.

Hatua ya 3: Pima betri kabla ya kupima akili ya mtu

Kompyuta haifikiri vizuri ikipata umeme mchache. Betri dhaifu huweza kufanya kufuli zigongegonge, sindano za dashibodi zicheze na taa za onyo ziwake zote. Weka mita kwenye volti za DC. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Mwambie mtu awashe injini huku ukitazama mita: isishuke chini ya 9.6 wakati wa kuvuta. Injini ikishanguruma, usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.7. Ukiwa chini ya hapo alteneta haichaji. Ukiwa juu ya hapo inachoma vitu.

Fundi asiye na mita hajawahi kukuonyesha namba yoyote, na huna sababu ya kumlipa kwa namba ambayo hakuisoma. Mita ya kawaida ni bei ndogo mno ukilinganisha na boksi lolote litakalokuja kwa meli au kwa ndege.

Hatua ya 4: Iheshimu erthi

Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi ni chuma cha bodi na nyaya za erthi zilizofungwa humo kwa bolti. Njia hiyo ikiziba, umeme hutafuta njia nyingine kupitia vifaa visivyohusika. Ndiyo maana ukikanyaga breki, indiketa huwaka kidogo.

Pima hivi. Washa taa kubwa, feni na wipa ili umeme utembee. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye hasi ya betri, na ncha nyekundu kwenye waya wa erthi unaoingia katika boksi. Usomaji mzuri ni chini ya volti 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi, umempata mhalifu, na hajavaa lebo ya Toyota.

Mfuate mpaka kwenye bolti yake. Toa kibao cha plastiki kilicho pembeni mwa miguu ya dereva. Utaiona pete ya shaba iliyoota ganda la kijani, na pembezoni mwake unga mweupe. Ilegeze bolti, igeuze pete. Chini yake rangi ya bodi imeinuka malengelenge. Yakwaruze kwa ncha ya kisu, yatapasuka na kumwaga kutu nyekundu kwenye zulia. Umeme unaorudi betri ulikuwa ukilazimishwa kupita katika uchafu ule. Sugua pete na chuma kwa msasa mpaka ving'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu yake ili hewa ya bahari isirudi. Fanya hivyo pia kwa waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi na ule unaotoka bodi kwenda kwenye injini.

Hapa ndipo hutokea Bwana Petroli, ndugu yake Fundi Badilisha. Huyu huosha kila soketi kwa petroli, akiamini harufu kali ni dalili ya dawa kali. Chumvi haiyeyuki katika petroli. Utakuwa umeondoa mafuta, umeacha chumvi palepale, na umeweka mvuke unaoshika moto mahali penye cheche. Chumvi huondoka kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi, betri ikiwa imechomolewa na soketi ikiwa wazi, kisha soketi ikaushwe kabisa kwa upepo na kumaliziwa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Maji hayo ni ya soketi tu. Ndani ya boksi yasiingie hata tone.

Hatua ya 5: Usicheze na rangi za fyuzi

Fyuzi za kisu zina rangi kwa sababu. Nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ya ampea 10 inapokatika kila ukiiweka, inakwambia kuna shoti mbele yake. Mtu akatoa nyekundu akapachika kijani, au akazungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, amemnyamazisha mlinzi na kumfungulia mwizi mlango. Kitakachokatika sasa ni njia ya shaba ndani ya kompyuta, na hiyo haiuzwi dukani.

Usiiamini fyuzi kwa kuitazama. Ipime kwa taa ya testa ncha zote mbili, kitu chake kikiwa kimewashwa. Upande mmoja ukiwaka na wa pili usiwake, imekatika. Pande zote zikikaa kimya, umeme haufiki hata kwake, na kosa liko nyuma yake.

Hatua ya 6: Nenda nyuma ya gari

Kompyuta iko mbele, kwa hiyo Fundi Badilisha hakai nyuma hata dakika moja. Wewe nenda, kwa sababu kazi ya pwani hufanyika nyuma. Boti zikija na samaki, pikapu hurudishwa kinyumenyume mpaka ukingoni mwa maji, na siku za bamvua magurudumu ya nyuma huingia ndani kabisa. Mawimbi hupiga bampa, maji ya barafu iliyochanganyika na damu ya samaki hutiririka kutoka kwenye karai mpaka kwenye taa. Soketi za taa za nyuma hunywa chumvi kila alasiri. Siku moja pini mbili zilizooza hugusana.

Maboksi mengi ya kisasa yana swichi za kielektroniki ndani yake. Zikiona umeme unaopita umezidi, hujifunga zenyewe ili zisiungue, na hubaki zimejifunga mpaka shoti iondoke. Fundi Badilisha hupima hapo, hakuti umeme unaotoka, akaandika cheti cha kifo. Boksi jipya likija, nalo litajifunga, maana shoti iko palepale kwenye bampa.

Mazungumzo yanayofaa ni haya, na yanachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa:

“Adeer, kompyuta imekwisha. Nimeambiwa niagize nyingine.”

“Nani kakwambia, mwanangu?”

“Fundi.”

“Alichomoa taa za nyuma?”

“Hapana.”

“Basi nenda nyuma, chomoa soketi ya kulia. Haya, washa taa.”

“Hamna.”

“Irudishe. Chomoa ya kushoto, zima swichi, washa upya.”

“Adeer! Zimewaka zote!”

“Zimewaka isipokuwa uliyoichomoa. Lete hiyo soketi niione.”

Soketi ikifunguliwa, pini zake huwa za kijani, na moja imeliwa ikabaki sindano. Dawa yake ni soketi nyingine na waya mfupi mzima. Mafundi wa vyombo wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula wanaijua hekima hii kwa upande wa bahari: mashua ikiingiza maji hutafuta upenyo na kuutia kalafati, hakuna anayeng'oa mkuku kwa sababu ngama imelowa.

Hatua ya 7: Pima nyaya mbili zinazoongea

Ikiwa betri, erthi, fyuzi na nyuma ya gari ni vizima na kasoro bado ipo, sasa leta skana. Misimbo inayoanza na B inahusu bodi, inayoanza na U inahusu mawasiliano kati ya maboksi. Msimbo ni swali la kuanzia tu. “Hakuna mawasiliano na kompyuta ya bodi” maana yake inaweza kuwa boksi limekufa, au halipati umeme, au waya umekatika njiani. Isome misimbo, iandike, ifute, endesha gari, uone ipi inarudi.

Skana ikishindwa kabisa kuongea, tazama soketi yake chini ya usukani, yenye pini 16. Pini 16 lazima iwe na umeme wa betri wakati wote. Pini 4 na 5 ni erthi. Katika magari yanayotumia CAN kwenye soketi hiyo, nyaya mbili zinazoongea ni pini 6 na pini 14. Chomoa betri, subiri kidogo, pima ukinzani kati ya hizo mbili. Kila ncha ya mtandao ina kipingamizi cha omu 120, kwa hiyo viwili kwa pamoja husoma karibu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana mahali fulani. Namba hizo tatu hazibadiliki kwa sababu fundi amekasirika au mteja ana haraka.

Hatua ya 8: Toa hukumu yenye ushahidi

Boksi huhukumiwa pale tu mambo manne yanapothibitika kwa mita: umeme unaingia kwenye pini zake zote za umeme, erthi yake ni safi, taarifa ya swichi inafika, na amri haitoki ilhali waya wa kutokea ni mzima na hauna shoti. Manne yakitimia, ndipo useme limekufa, na useme kwa kujiamini.

Tafuta na sababu ya kifo, kwa sababu isipoondolewa itamuua na mrithi. Boksi hili huuawa na maji yanayopenya kutoka chini ya kioo cha mbele. Huuawa na mtu aliyegeuza nyaya za betri wakati wa kubusti, au na mchomeleaji aliyeunga fremu ya kubebea samaki bila kuchomoa betri. Huuawa pia na mafuriko: Mto Juba ulipofurika wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwaka 2023, nyumba na mashamba viliingia majini, na gari lililofikiwa na maji mpaka kwenye viti haliachi boksi la chini ya dashibodi likavu.

Kabla ya kuagiza, lifungue. Likiwa na ukungu wa kijani juu ya bodi, lisugue kwa brashi laini na spiriti safi isiyo na maji mengi, likauke, lijaribu. Likiwa na rilei iliyopasuka risasi kwenye miguu yake, fundi wa elektroniki anayetengeneza redio na simu ataichomea upya. Baadhi ya waliozikwa walikuwa bado wanapumua.

Hatua ya 9: Nunua kwa namba, usinunue kwa sura

Maboksi mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana kwa kila kitu cha ndani. Somalia huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi huja kutoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, na mengine hutoka Ghuba yakiwa na usukani wa kushoto. Kwa hiyo Prado mbili zilizoegeshwa pamoja bandarini zinaweza kuwa na maboksi yasiyoweza kubadilishana.

Lebo ndiyo inayosema kweli. Kwa Toyota, namba ya boksi hili huanza na 89221. Tarakimu tano hizo zinataja aina ya kifaa, na tano zinazofuata ndizo zinazosema ni la gari gani. Fundi Badilisha huishia kwenye tano za kwanza. Wewe taka zote kumi zilingane. Piga picha ya lebo mchana, tarakimu zisomeke, mtumie muuzaji, naye akutumie picha ya lebo ya boksi lenyewe atakalolituma. Usitume fedha kwa simu, kwa EVC, kabla ya picha hiyo kufika, kwa kuwa kitu kikishavuka bahari kurudi kwake ni ndoto.

Ukinunua mtumba, fahamu kwamba boksi huja na kumbukumbu ya gari lililotoka. Katika aina nyingi za Kimarekani na Kizungu limefungamanishwa na namba ya chasisi na funguo za gari lile, na halitakubali zako bila programu. Fundi wa elektroniki anaweza kuhamisha kumbukumbu kutoka boksi la zamani kwenda jipya, chipu ndogo ya kumbukumbu ikiwa imesalimika. Kwa hiyo usilitupe boksi lililokufa wala usimwachie mtu alichukue “likasaidie kwa spea”. Ndani yake mna utambulisho wa gari lako.

Hatua ya 10: Kulifunga

Kama skana inaweza kusoma mipangilio ya boksi la zamani, ihifadhi kwanza. Kusanya funguo zote za gari, hata ule ambao mama ameufungia kwenye sanduku. Teremsha kioo cha dereva na toa ufunguo nje ya gari. Kufuli zikifunga zenyewe umeme ukirudi, hutahitaji jiwe. Kisha chomoa hasi ya betri na subiri dakika kadhaa, ili mifuko ya hewa ya usalama iishe umeme wake.

Piga picha ya kila soketi kabla ya kuigusa. Shika chuma kikavu cha gari ili umeme tuli wa mwilini utoke. Bonyeza kibano cha soketi, vuta soketi yenyewe. Anayevuta kwa nyaya anatengeneza kazi ya wiki ijayo. Angalia kila pini kwenye soketi: iliyopinda inyooshwe, iliyooza ibadilishwe. Kufunga boksi jipya kwenye soketi iliyooza ni kutia maiti mpya ndani ya sanda ya zamani.

Lifunge jipya mahali palepale, kwa bolti zake, nyaya zikining'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke bila kuingia ndani. Usilipake silikoni inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na asidi hula shaba. Lolote utakaloziba, liwe kwenye tundu ambalo maji hupitia, kwa silikoni isiyo na asidi.

Hatua ya 11: Lifundishe na ulijaribu

Rudisha betri yenye chaji kamili, au unganisha chaja wakati wa programu. Umeme ukikatika katikati ya programu boksi jipya linaweza kufa kabla halijafanya kazi. Pitisha mipangilio ya gari, fundisha funguo zote mbele ya mwenye gari, fundisha vioo kwa kushikilia swichi juu mpaka vikumbuke mwisho wao. Futa misimbo, endesha, soma tena.

Kisha jaribu kila kitu, na hapa usimpunguzie mtu: taa ndogo, kubwa, za breki, za kurudi nyuma, indiketa nne, honi, wipa kasi zote, vioo vyote, kila mlango kwa ufunguo na kwa rimoti, taa ya ndani ikizimika mlango ukifungwa. Acha gari limelala usiku mmoja, asubuhi pima betri. Ikiwa imeshuka sana, kuna kitu kinakunywa umeme, na kazi haijaisha.

Mwishoni andika kwenye karatasi: namba ya boksi la zamani, ya jipya, volti ulizosoma, sababu ya kifo. Mpe mwenye gari karatasi hiyo pamoja na boksi la zamani mkononi.

Hatua ya 12: Mlipe aliyepima

Nimemsema Fundi Badilisha kwa kila hatua, na anastahili. Lakini aliyemlea ni mteja. Mteja wa Kisimayu, na wa Mombasa na Dar es Salaam vilevile, hulipa bila kunung'unika akiona kasha jipya limetoka kwenye karatasi yake. Fundi akikaa saa mbili chini ya dashibodi, akapata bolti moja yenye kutu, akaisugua, mteja huyo huyo huuliza: “Nikulipe nini na hukubadilisha kitu?” Siku hiyo fundi hujifunza kwamba ukweli haumpi chakula. Kesho yake ataagiza boksi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu. Tangu serikali ilipoanguka Januari 1991, watu wengi wa visiwa na wa mji walitawanyika Mombasa, Lamu na ng'ambo, na sehemu kubwa ya ufundi imebaki kufunzwa kibandani, kijana akishika tochi na mkubwa wake akishika mita. Kijana huyo hujifunza kile anachoona kinalipwa. Akiona kubadilisha kunalipwa, atakuwa Fundi Badilisha mwenye bidii. Akiona kupima kunalipwa, atanunua mita yake mwenyewe kwa fedha yake ya kwanza.

Kwa hiyo patana bei mbili kabla boneti halijafunguliwa: bei ya kupima, inayolipwa hata kama hakuna kitu kitakachobadilishwa, na bei ya kazi itakayofuata. Dai namba kwa kila hukumu. Fundi akikwambia tatizo lilikuwa soketi ya shilingi chache, mlipe kipimo chake chote, umshukuru mbele ya watu, na umtangaze barazani kwa sauti ile ile mjuzi anayoitumia kumtangaza binamu yake. Pikapu inayorudi na samaki gizani kwenye barabara ya Kisimayu ina watu nyuma na watoto wanaovuka mbele. Taa zake ziwake kwa sababu kuna mtu aliyepima, na mtu huyo awe amelipwa.